Neno ambalo mgonjwa anaandika kwenye simu

Tuanze na mama mmoja. Hatumtaji jina kwa sababu hayuko peke yake. Wako wengi kama yeye katika vijiji vyetu. Alikaa siku tatu katika uchungu wa kuzaa, mtoto akazaliwa amekufa, na tangu siku hiyo mkojo unamtoka bila yeye kuuzuia. Mume amenyamaza. Kanisani anakaa kwenye benchi la nyuma, karibu na mlango. Siku moja mdogo wake ananunua mega, anaketi nyuma ya nyumba na kuandika kwenye Google: «mama anavuja mkojo baada ya kuzaa dawa».

Ugonjwa huo una jina: fistula ya uzazi. Unatokea uchungu unapokawia mno, kichwa cha mtoto kikabana nyama za ndani za mama mpaka damu isipite tena. Nyama hizo zinakufa, na tundu linafunguka kati ya kibofu na njia ya uzazi. Unatibiwa kwa upasuaji. Huko Bukavu kuna hospitali ya Panzi, iliyoanzishwa na Daktari Denis Mukwege mwaka 1999 chini ya jumuiya ya CEPAC, ambayo inajulikana duniani kote kwa kazi hiyo. Goma pia kuna Heal Africa. Kwa hiyo msaada upo, tena si mbali sana.

Sasa tuseme kuna ukurasa wa intaneti unaoeleza matibabu hayo, na juu yake pameandikwa kwa Kifaransa cha madaktari «Prise en charge de la fistule uro-génitale». Yule mdogo wake anaweza asiufikie kamwe. Ukurasa upo, daktari yupo, mgonjwa yupo, ila maneno ya mgonjwa na maneno ya ukurasa hayakukutana mahali popote.

Hayo ndiyo tunayotaka kueleza safari hii: namna ya kuweka maneno kwenye ukurasa ili anayetafuta aupate. Makatibu wa makanisa, waalimu na waganga wamekuwa wakituuliza, «Kwa nini tovuti yetu haionekani kwenye Google?» Wengine wamekwisha kutembelewa na kijana mwenye mkoba mzuri anayewaahidi kuwaweka namba moja kwa dola mia kadhaa. Kabla ya kumlipa, someni kwanza.

Konkodansi kubwa kuliko zote

Wahubiri wetu wengi wana konkodansi, kile kitabu kinene kinachopanga maneno ya Biblia kwa alfabeti na kuonyesha kila neno linapatikana wapi. Ukitafuta «kisima», kinakupeleka kwa Isaka na kwa mwanamke Msamaria. Hukisomi chote, unaangalia neno moja tu na unafika.

Google, Bing na ndugu zao wanafanya kazi karibu hiyohiyo. Kuna programu zinazoitwa roboti, ambazo zinazunguka kwenye intaneti mchana na usiku, zinafuata viungo kutoka ukurasa hadi ukurasa, na kuandika katika faharasa kubwa mno: neno hili liko hapa, na hapa, na pale. Unapoandika swali kwenye simu, mtambo hauendi kuzunguka dunia wakati huo. Unafungua faharasa yake, kisha unapanga majibu, la kwanza juu, la mwisho chini kabisa ambako hakuna anayefika.

Kila aliyetumia konkodansi anajua udhaifu wake. Tafuteni ndani yake neno «Utatu». Hamtalipata, kwa sababu neno hilo halimo katika maandiko, ingawa fundisho lenyewe tunalihubiri kila mwaka. Konkodansi haijui mafundisho. Inajua maneno yaliyoandikwa. Mitambo ya kutafutia ya miaka ya 1990 ilikuwa na udhaifu uleule.

Ni kweli kwamba mitambo ya leo imeendelea. Tangu mwaka 2013, na zaidi tangu mwaka 2019, Google imekuwa ikijaribu kuelewa maana ya swali zima badala ya neno mojamoja, na inaweza kutambua kwamba «gari» na «motokaa» ni jamaa. Lakini uelewa huo unatokana na maandishi ambayo mashini imesoma. Kwa Kiingereza imesoma bahari. Kwa Kiswahili imesoma ziwa. Kwa Kiswahili kama kinavyosemwa Uvira, Butembo au Bunia, imesoma labda ndoo moja. Kwa hiyo kwetu sisi neno lililoandikwa waziwazi lina uzito kuliko kwa wenzetu wa Ulaya.

Walioshindilia maneno

Mtambo uliovuma kabla ya Google ulikuwa AltaVista, uliofunguliwa Desemba 1995. Wakati ule mitambo ilitegemea sana kuhesabu: ukurasa unaotaja «hoteli» mara nyingi ulidhaniwa kuwa unahusu hoteli kuliko mwingine. Wafanyabiashara hawakukawia kugundua. Wakaanza kurudia neno moja mara mia. Wakaliandika kwa rangi nyeupe juu ya karatasi nyeupe, ili macho ya mtu yasilione lakini roboti ilisome. Tena kulikuwa na sehemu iliyofichwa ndani ya ukurasa, iitwayo lebo ya meta, ambamo mwenye tovuti aliorodhesha maneno ya kutafutia. Watu waliijaza maneno yasiyohusu kitu chochote walichouza, ili mradi yawe maneno ambayo watu hupenda kutafuta.

Mwaka 1998 wanafunzi wawili wa chuo kikuu cha Stanford kule Marekani, Larry Page na Sergey Brin, waliandika juu ya njia nyingine. Walisema maneno ya ukurasa juu yake wenyewe hayatoshi. Lazima kusikiliza wengine wanasema nini juu yake. Kila kiungo kutoka tovuti moja kwenda nyingine walikihesabu kama ushuhuda, na ushuhuda wa tovuti inayoheshimiwa ukapewa uzito kuliko wa ile isiyojulikana. Hapo ndipo Google ilipozaliwa.

Ushindiliaji wa maneno haukufa siku hiyo. Mfano unaojulikana sana ni wa kampuni ya magari BMW. Tovuti yake ya Ujerumani ilikuwa na kurasa zilizotengenezwa kwa ajili ya roboti peke yake, zimejaa neno la Kijerumani «Gebrauchtwagen», yaani magari yaliyokwisha kutumika, limerudiwa tena na tena. Mtu akibonyeza, alipelekwa mara moja kwenye ukurasa mwingine mzuri wenye picha. Februari 2006 Google iliiondoa tovuti hiyo katika majibu yake. Kampuni tajiri kama ile, na ghafla mtu wa Ujerumani akitafuta haioni! Ilibidi kurasa zile zifutwe kwanza, ndipo ikarudishwa baada ya siku chache. BMW ilikuwa na watu wa kupiga simu mpaka makao makuu. Kanisa la Kadutu likiondolewa, litampigia nani?

Na ile lebo ya meta ya maneno? Septemba 2009 Google ilitangaza hadharani kwamba haiitumii hata kidogo katika kupanga majibu. Tumelitaja hilo kwa sababu hata leo mtu anaweza kuwauzia kazi ya kuijaza. Hayo ni maneno ambayo hakuna atakayeyasoma, wala mtu wala roboti, na mtalipa.

Kuna jaribio rahisi tunalolitumia sisi. Someni ukurasa wenu kwa sauti mbele ya mama mzee wa kanisa. Akiuliza, «Mbona unarudia-rudia hivyo?», mmekwisha kuvuka mpaka. Google katika masharti yake inahesabu ushindiliaji wa maneno kuwa udanganyifu, na hakuna namba maalum iliyowekwa, kama mara tano au mara kumi, ambayo ukiifuata unakuwa salama. Wanaowapa asilimia kamili wanabahatisha.

Kurasa zetu zote ziliitwa «Tangazo»

Tukiri kosa letu sisi wenyewe. Siku tulipokagua kurasa zetu za zamani, tulikuta nyingi zina kichwa kimoja: «Tangazo». Tangazo la semina ya vijana, tangazo la kifo, tangazo la chanjo, tangazo la mkutano wa wamama, yote yakiitwa «Tangazo». Picha zake ziliitwa IMG na namba. Sisi tuliokuwa ndani tulijua kila moja ni nini. Mtu wa nje hakuwa na mlango.

Kichwa cha ukurasa ndicho mahali pa kwanza na penye thamani kuliko pengine pote. Ndicho kinachoonekana kwa herufi kubwa katika orodha ya majibu, na mtambo unakitegemea ili kujua habari inahusu nini. Kichwa kizuri kinataja jambo na mahali: «Matibabu ya fistula bila malipo, Bukavu, Septemba» kama ni kweli hakuna malipo, «Masomo ya ushonaji kwa wasichana, kartye Himbi, Goma». Hakihitaji kuwa kitamu. Sisi wahubiri tunapenda vichwa vya kuchoma moyo, kama «Asiachwe hata mmoja». Ni vizuri juu ya mimbari, lakini hakuna mtu aliye na mtoto mgonjwa atakayeandika hivyo kwenye simu.

Mahali nako kunataka uangalifu. Kule Goma kuna kartye iitwayo Virunga. Kanisa la kartye hiyo likiandika «Ibada Virunga» tu, litajikuta katikati ya sokwe, kwa maana jina hilohilo ni la hifadhi ya wanyama iliyoanzishwa mwaka 1925 na ambayo dunia nzima inaiandika. Ongezeni Goma, ongezeni jina la barabara, ongezeni jina kamili la jumuiya. Sisi Waprotestanti wa Kongo tuna desturi ya kutajana kwa namba na herufi: ya tatu, ya tano, ya nane. Mkimbizi aliyeingia mjini jana, anayetafuta mahali pa kusali, hazijui namba hizo. Ataandika «kanisa la Kiprotestanti karibu na Majengo». Yote mawili yaandikwe, namba kwa ajili ya wenyeji na jina kamili kwa ajili ya wageni.

Baada ya kichwa, aya ya kwanza. Neno ambalo watu wanatafuta liwe humo, katika sentensi ya kawaida, si baada ya salamu za aya tatu. Tunajua kwamba kwetu barua isiyo na salamu ni ukosefu wa adabu. Lakini salamu fupi inatosha, kisha jambo lenyewe. Halafu vichwa vidogo vya ndani, na maneno yanayobeba viungo: badala ya «bonyeza hapa», andikeni «saa za ibada ya Jumapili» na maneno hayohayo yawe kiungo, maana roboti inasoma neno la kiungo ili kujua kinaelekea wapi, na «hapa» si mahali.

Kuna pia maelezo mafupi ya ukurasa, mistari miwili ambayo mara nyingi Google inaionyesha chini ya kichwa. Hayapandishi ukurasa katika orodha. Ila kwa mtu anayehesabu mega zake ni ya maana sana, kwa sababu anayasoma kabla ya kufungua. Wekeni jibu humohumo: siku, mahali, bei. Wengine hawatafungua ukurasa kabisa, na bado mtakuwa mmewahudumia.

Kosa ambalo linatuumiza kuliko yote ni lile la kuandika tangazo lote ndani ya picha. Afishi inachorwa vizuri, ina rangi, ina uso wa mhubiri, na tarehe, mahali, namba ya simu, vyote vimo ndani ya picha. Inatumwa kwenye makundi ya WhatsApp, kesho yake imefunikwa na jumbe mia mbili. Roboti haiingii ndani ya makundi ya WhatsApp. Hata afishi ikiwekwa kwenye tovuti, maneno yaliyo ndani ya picha hayana uzito wa maneno yaliyoandikwa, na Google yenyewe inashauri maneno muhimu yasiwekwe hivyo. Afishi iendelee, inapendeza, lakini chini yake yaandikwe tena yaleyale kwa maandishi. Picha yenyewe ipewe jina na maelezo mafupi ya kweli, kama «wamama wakisubiri kliniki ya watoto, Kalehe». Maelezo hayo yanamsaidia pia ndugu kipofu, ambaye simu yake inamsomea kwa sauti.

Jina la daktari na jina la mtaani

Hapa ndipo kazi ngumu ilipo, na hapa fundi wa tovuti hawezi kuwasaidia, kwa sababu anajua mashini lakini hawajui watu wenu.

Chukueni ugonjwa wa mpox. Mtu wa kwanza aliyejulikana kuugua alikuwa mtoto mchanga hapa Kongo, mkoa wa Equateur, mwaka 1970. Kwa miaka mingi uliitwa kwa Kiingereza monkeypox, na kwa Kifaransa variole du singe, yaani ndui ya nyani. Tarehe 28 Novemba 2022 Shirika la Afya Duniani, OMS, lilipendekeza jina jipya, mpox, kwa sababu la zamani lilikuwa linatumiwa kuwadhihaki watu. Sababu njema kabisa. Lakini tazameni busara yao: hawakulitupa jina la zamani siku hiyo. Walitoa mwaka mmoja wa kutumia yote mawili, na wakasema jina la zamani litabaki likitafutika katika orodha yao ya magonjwa, ili habari zilizoandikwa zamani zisipotee.

Mwaka uliofuata, 2023, aina mpya ya virusi hivyo ilionekana Kamituga, katika mji wetu huo wa wachimba dhahabu wa Kivu Kusini, na tarehe 14 Agosti 2024 OMS ikatangaza hali ya dharura ya dunia. Mama wa Kamituga aliyeona mwana wake ana vipele hakuandika «mpox kladi moja b». Aliandika «vipele vyenye maji mtoto homa», au «ndui ya nyani», au «variole» tu. Ukurasa unaotaka kumfikia lazima uyabebe maneno hayo, mara moja kila moja, katika sentensi ya kweli: «Mpox, ambao wengi wanauita ndui ya nyani au variole, unaanza kwa homa na vipele.» Sentensi hiyo moja inafungua milango mitatu, na hakuna aliyedanganywa.

Vivyo hivyo kipindupindu na kolera. Lopital na hospitali. Masomo na shule. Tumeulizwa kama inafaa kuandika Kiswahili cha mtaani katika tovuti ya kanisa. Sisi tunaona hivi: habari nzima iandikwe katika Kiswahili kile tunachosoma kanisani, ambacho mtu wa Kalemie na mtu wa Beni wote wanakielewa, na neno la mtaani liingizwe pale linapohitajika, bila aibu. Neno la Kifaransa nalo liwekwe kama ndilo watu wanalolijua. Hakuna mzazi anayetafuta «matokeo ya mtihani wa taifa», anatafuta «exetat».

Mtayapataje maneno hayo? Ulizeni. Mpokezi wa kituo cha afya anayasikia kila asubuhi. Katibu anayeshika simu ya kanisa anajua watu wanaulizaje. Idara ya wamama wanajua majina ya magonjwa ambayo mwanaume hatayasikia kamwe. Kaeni nao nusu saa na kalamu. Baadaye, anzeni kuandika swali kwenye Google bila kulimaliza, muone mtambo unapendekeza kulimalizaje. Mapendekezo hayo yanatokana na yale ambayo watu huandika kweli. Na kuna chombo cha Google kiitwacho Search Console, cha bure, kinachomwonyesha mwenye tovuti ni maneno gani yaliyofanya kurasa zake zionekane. Mkikifungua mara ya kwanza mtashangaa. Sisi tuliona kwamba maswali ya kuoa na kuolewa yanaleta watu wengi kuliko mahubiri yetu yote. Hatukufurahi sana, lakini tulijifunza.

Shamba lisilolimwa

Ndugu mmoja alitupinga kwamba hayo ni mambo ya biashara, kanisa halihitaji kushindania nafasi. Tungemkubalia kama nafasi ile ingebaki tupu tusipoijaza. Haibaki tupu.

Mwaka 2018 Michael Golebiewski, mfanyakazi wa Microsoft, alitoa jina la jambo hili kwa Kiingereza; kwa Kiswahili tunaweza kuliita pengo la habari. Ni swali ambalo watu wanaliuliza, lakini kurasa za kweli zinazolijibu ni chache au hazipo. Mtambo hausemi «sijui». Unaonyesha kilichopo. Kwa hiyo mwongo anayejua maneno ya kutafutia haitaji kuwashinda wakweli. Inatosha awahi kufika.

Kiswahili kina mapengo mengi ya namna hiyo. Sisi wa mashariki tunakumbuka Ebola ya Kivu Kaskazini na Ituri, iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika tarehe 25 Juni 2020. Watu 2,287 walikufa. Mnakumbuka pia uvumi uliokuwa ukienda mbio kuliko gari za wauguzi.

Hata leo, ndugu aliye katika kambi ya wakimbizi anatafuta «kwenda Canada bure», «bourse», «fomu ya UNHCR». Maneno hayo wanayajua vizuri wale wanaotengeneza kurasa za uongo, na wanayaweka kwenye kichwa, kwenye aya ya kwanza, mahali pote tulipopataja hapo juu. Kisha wanaomba pesa ya fomu. Ukweli ni kwamba huduma za UNHCR, pamoja na kuhamishiwa nchi nyingine, hazilipiwi hata franga moja. Sentensi hiyo ikiandikwa kwa Kiswahili chepesi katika tovuti za makanisa yetu, kila moja kwa maneno yake, chini ya kichwa kama «Fomu ya UNHCR ya kwenda Canada: je, inalipiwa?», itakutana na mtu kabla hajauza bati la nyumba yake.

Tena tushuhudiane. Kama tulivyosema, kiungo ni ushuhuda. Kituo cha afya cha jumuiya moja kikiwa na ukurasa mzuri juu ya kolera, jumuiya nyingine ziuelekeze badala ya kuunakili. Kununua viungo, kwa upande mwingine, ni ushuhuda wa kulipwa, nao unaadhibiwa.

Neno ambalo halipaswi kuwekwa

Yote tuliyoeleza yanafanya kitu kionekane. Kuna mambo ambayo hayapaswi kuonekana.

Wakati mwingine tunaona ripoti za huduma, zilizoandikwa kwa moyo mwema kwa ajili ya wafadhili, zikitaja jina la dada aliyebakwa, kijiji chake, umri wake, na picha yake chini. Mwandishi aliwaza watu kumi watakaosoma. Lakini roboti imepita. Sasa jina la dada huyo ni neno la kutafutia. Mchumba wake akiliandika, ripoti itatokea. Mwajiri vilevile. Na waliomtendea hayo, wakitaka kujua kama alisema na amehamia wapi, wanao mtambo uleule mikononi. Ndivyo ilivyo pia kwa orodha za waliokimbia vita, za watoto waliotoka katika makundi ya silaha, za wagonjwa wa ukimwi wanaosaidiwa na kanisa.

Kwa hiyo kabla ya kuchapisha, soma ukurasa mara ya pili ukiuliza swali la kinyume: ni nani anaweza kuupata huu ambaye hatungependa aupate? Jina libadilishwe au liondolewe, na kijiji kiwe «eneo la Masisi» badala ya jina lake. Maelezo ya picha na jina la faili viangaliwe pia, kwa maana tumeona jina likifutwa katika habari na kubaki katika faili la picha. Ripoti ya ndani isiwekwe wazi. Kuna alama ambayo fundi anaweza kuiweka ili roboti isiuingize ukurasa katika faharasa, ingawa kwa siri ya kweli alama hiyo haitoshi, unahitajika mlango wenye neno la siri.

Na kama jina lilikwisha kutoka, lifuteni kwenye ukurasa leo. Katika majibu ya utafutaji linaweza kuendelea kuonekana mpaka roboti irudi, na huenda ikakawia. Google ina fomu ya kuomba habari iliyokwisha kufutwa iondolewe haraka zaidi katika majibu. Anayesimamia tovuti aijaze bila kungoja kikao cha kamati. Kisha atafute jina lile mwenyewe kila juma, kwa namna mbalimbali za kuliandika, mpaka lisitokee tena.